Kichwa Changu Hufanya Kazi Kikilala

Tangu nianguke ngazini nikavunjika uti wa mgongo, nimegundua kwamba watu ni mabingwa wa mwili wa binadamu. Kwao, miguu ikifa, akili nayo inaaga. Shemeji yangu, fundi wa majokofu, alinieleza kwa upole, neno mojamoja, kwamba leo ni Jumatatu. Nikamshukuru sana. Bila yeye ningebaki kwenye Jumapili hadi nizikwe.

Mimi ndiye niliyekuwa nikipanga ratiba ya shule yetu. Walimu wengi, maabara moja, na hakuna anayetaka kufundisha hisabati baada ya chakula cha mchana. Wenzangu wa shule nyingine hutumia kompyuta. Mimi huipanga yote kichwani, ndipo naiandika. Kazi hiyo niliitaka irudi mikononi mwangu kuliko nilivyoitaka miguu, na sioni haya kusema hivyo.

Mkuu wa shule akasema nijaribiwe kwanza, kidogo tu. Siku hiyo mdogo wangu, anayenisukuma kila mahali kwenye kiti cha magurudumu, alinikalisha wima kama askari wa gwaride, eti nionekane mtu mwenye kazi yake. Nikapewa ratiba ya kidato cha tatu. Sijafika hata katikati, masikio yakaanza kuvuma, macho yakaingia ukungu, na mwalimu wa kemia nikamweka kwenye madarasa mawili kwa wakati mmoja. Mkuu hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alinipigapiga begani, akasema nikapumzike, kisha kazi akampa mwalimu wa michezo, bwana ambaye hata vipindi vyake mwenyewe huvisahau.

Nililia njia nzima. Kazi iliniuma, lakini kilichonitisha zaidi ni kwamba huenda shemeji hakukosea, na akili yangu nayo imeaga. Simtakii mtu yeyote hofu ya namna hiyo.

Kliniki, mtaalamu wa mazoezi alinipima presha nimelala, ikawa sawa. Akanikalisha, akapima tena, akaguna. Akanieleza kwamba kwa baadhi yetu tuliovunjika uti wa mgongo, damu hutuama miguuni tukikaa, na kichwa kinabaki na njaa. Wengine hupoteza makini kwa sababu hiyo, wengine kwa dawa au kukosa usingizi, na wengi hawana tatizo lolote. Akanifunga mkanda mpana tumboni, akasema kichwa kikianza kuzunguka nilazwe chali. Kumbe mdogo wangu, kwa mapenzi yake yote, alikuwa ananipendezesha na kuninyima akili papo hapo. Nilimpa vidonge vyake vya maneno, naye akacheka hadi akakaa chini.

Tukarudi kwa mkuu bila kualikwa. Nikamwomba anipime upya. Aliguna, lakini ratiba ya mwalimu wa michezo ilikuwa imepeleka madarasa mawili kwenye maabara ile moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuwa na jeuri ya kukataa. Masikio yalipoanza tena kuvuma, nikamwashiria mdogo wangu. Akakiinamisha kiti nyuma, vishikio vikaegemea kochi la mkuu, nikawa natazama dari. Mkuu akaruka kutafuta maji, akidhani nazimia.

Nilisubiri kidogo. Ukungu ukaondoka. Mdogo wangu akaishika ratiba juu ya uso wangu kama anayeanika shuka, nami nikaanza: kemia ihamie asubuhi, baiolojia ichukue maabara mchana, jiografia ibadilishane na historia, na hisabati baada ya chakula apewe mwalimu wa michezo, maana naye amesomea. Mkuu aliandika hadi mkono ukamchoka. Alipomaliza, hakupata kosa hata moja.

Akakuna kichwa. Akasema kazi ni yangu, hana ubishi, ila kuna jambo moja linamsumbua. "Sasa mwalimu, wazazi wakiingia ofisini wakukute umelala hivyo, nitawaambia nini?"

"Waambie nafikiri," nikamwambia. "Na nipe kidato cha pili, nacho kimeharibiwa."