Ukurasa wa Q na Z

Ulikuwepo. Usinigeuzie uso sasa. Ulikuwa umeketi kwenye benchi, wa tatu kutoka mlangoni, na dada yangu alipogeuka kutafuta uso mmoja tu wa kumshikiza, uliinama ukajifanya unafunga kamba za viatu. Ulikuwa umevaa kandambili.

Basi nitakusimulia ulichokwepa kukiona.

Dada yangu amefua mashuka ya hospitali hii miaka kumi na tisa. Alianza kwa mikono, zikaja mashine, ya kwanza ikafa, yeye akabaki. Nawakumbuka wakuu wote waliopita. Mmoja alitaka tuvae viatu vyeusi vya ngozi kwenye sakafu yenye maji. Mwingine alitupima urefu, na mpaka leo hakuna ajuaye kwa nini, ila mzee wa pasi aliondolewa wiki ile ile kwa ufupi wake. Mara zote mbili tulikaa kimya. Nimeandika tarehe.

Huyu wa sasa akaja na msamiati wa Kiingereza. Chupa za dawa za kufulia zimeandikwa Kiingereza, akasema, kwa hiyo kila mfuaji atapimwa. Haya, si neno. Lakini kijitabu kilipofika, maneno yalikuwa yamepangwa kwa herufi: ukurasa huu yenye X, ule yanayoishia na Z. Tukachota kurasa kutoka kwenye ndoo kama watu wa bahati nasibu. Dada akachota maneno kumi na mawili yenye Q na Z ndani yake, likiwemo la ndege. Nimekagua chupa zote za sabuni. Sijaona ndege.

Atakayekosa zaidi ya manne anatoka kazini, na anatoka kwenye chumba cha wafanyakazi. Katika chumba hicho dada analala na mama yetu, ambaye hainuki kitandani.

Mimi ni fundi wa boila, mtambo wa kuchemshia maji ya kufulia. Niliishia darasa la sita, na Kiingereza changu nimekichimba mwenyewe kwenye kamusi isiyo na jalada. Nikasema nitamfundisha. Nikamtia mke wangu katika kazi hiyo pia, maana naye ni mfuaji, yeye na dada hukunja mashuka pamoja, wametazamana, kila mmoja na ncha zake mbili. Dada akawa anaita neno, wifi yake anaitikia maana, na kwa kila neno shuka inapata mkunjo mmoja.

"Bezique."

"Mchezo wa karata."

"Quartz."

"Jiwe gumu, linang'aa."

"Quetzal."

"Ndege mwenye mkia mrefu, kama maneno ya kaka yako."

Hapo walikuwa wakicheka kila siku kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Mashuka mia mbili kwa siku, wiki tatu. Nilisimama mlangoni nikajipiga kifua. Sikuona kwamba dada ndiye aliyeita siku zote na mke wangu ndiye aliyeitikia siku zote. Hawakubadilishana hata mara moja, kwa sababu dada anatumia mkono wa kushoto na upande wa dirishani ndio upande wake. Mimi, mjuaji, sikuona.

Siku ya mtihani mtahini aliweka meza katika ghala la mashuka, mlango wazi kwa ajili ya joto, benchi lenu hapo nje. Mimi nilikuwa nikitazama kupitia kidirisha cha chumba cha boila. Akasema, "Quartz." Dada akatabasamu, kama mtu aliyeitiwa mwanawe. Kisha akainua mikono, akashika ncha mbili za shuka ambayo haikuwepo, akangoja.

Mtahini akamuuliza kama amesikia. Akasema amesikia.

"Maana yake?"

"Naijua, bwana. Huwa inatoka upande ule."

Akaandika kitu. Akataja la ndege. Akataja quizzical, sura ya mtu anayeuliza bila kufungua mdomo, na uso wa dada ulikuwa ndio jibu lenyewe, lakini hakuna alama ya uso. La mwisho lilikuwa squeeze. Dada akakamua hewa. Aliikamua kwa mikono yote miwili, mpaka kwenye viwiko, kama alivyokamua mashuka yenye damu kabla mashine hazijaja.

"Mikono haisahihishwi," mtahini akasema, akafunga kijitabu.

Mke wangu alikuwa benchini, kinywa kimejaa majibu, ameuma pindo la aproni. Sheria ilisema anayemsaidia mwenzake ameanguka naye. Nilipomuuliza nyumbani alinijibu neno moja tu: kama na yeye angefukuzwa, na chumba chetu kimeandikwa kwa jina lake, mama angelazwa wapi? Wala mimi sikutoka. Nilijiambia nikiacha boila moto utazima. Boila haizimi kwa dakika mbili.

Wamempa nafasi moja ya kurudia, kesho saa tatu asubuhi. Jana mchana nilijaribu kuwageuza. Nikamweka dada upande wa kuitikia, mkono wake wa kushoto ukigonga ukuta. Mke wangu akaita, "Quartz." Dada akafungua mdomo na likatoka, "Quetzal," lile linalofuata. Tulirudia mpaka mashuka yakatuishia. Akaketi juu ya kapu, akaniambia, "Kaka, niache. Hiki kinywa kimeshakunjwa."

Sina dawa nyingine. Sina kamusi ya jambo hili. Nina hesabu moja tu: benchini mtakaa wafuaji kumi na mmoja, na wodi nane hazina shuka safi isipokuwa mnazokunja ninyi. Mmoja akiitikia, atafukuzwa. Kumi na mmoja wakiitikia, wagonjwa watalala juu ya nini? Mke wangu amekubali kuwa kinywa cha kwanza. Mimi nitatoka kwenye boila. Kinatafutwa kinywa cha pili, na cha tatu ni chako, wa tatu kutoka mlangoni.

Kesho saa tatu. Mlango utakuwa wazi. Dada atalirudia neno kwa sauti kama anavyoita siku zote, na wewe utaitikia. Usiseme utaona kesho. Squeeze: kamua. Litamke sasa hivi, hapo hapo ulipo, mpaka aliye karibu nawe asikie.