Mgongo wa Mzee Shavu

Fundi seremala alijua fika kwamba Mzee Shavu hana mgongo. Miaka yote ya katuni yake gazetini, Shavu hajawahi kuwapa wasomaji kisogo. Hata akimkimbia mkewe, hukimbia kinyumenyume, mashavu yakiwa kwetu. Kwa hiyo makumbusho walipomwagiza sanamu ya maonyesho, fundi alichonga mbele tu, akaivisha koti refu na kofia pana. Nyuma akaacha uwazi kama kabati lisilo na mlango. Si itaegemezwa ukutani?

Asubuhi ya ufunguzi, mkuu wa makumbusho akaisukuma hadi katikati ya ukumbi. "Watu wamzunguke bwana, wamfaidi!"

Fundi akakimbilia nyuma ya sanamu. Mama wa mchumba wake alikuwa tayari mlangoni na binti yake. Mama huyu alimpenda Shavu kuliko alivyompenda marehemu mumewe, na alishatamka: sanamu ikitoka sawasawa, binti anaolewa, ikiwa kazi ya kulipua, fundi akatafute mke kwingine.

Kwa nyuma, koti lilinywea kama gunia tupu. Fundi hakuwa na muda wa kufikiri, na kwa kweli kufikiri hakukuwa fani yake. Akajipenyeza chini ya koti, akaingia kwenye ule uwazi na kuujaza kwa mwili wake.

"Jamani, Shavu wangu!" mama akashangilia. "Mashavu ndiyo yenyewe! Hebu nimwone nyuma. Tangu usichana wangu namsubiri ageuke."

Akazunguka. Mkono ukatua mgongoni mwa fundi, ukapapasa, ukashuka.

"Mwanangu, njoo ushike. Wamemtia mpaka joto!"

"Mama, watu wanatazama," binti alinong'ona. Alikuwa ameshaviona viatu vya fundi chini ya koti.

"Watazame. Na makalio je, ni ya mbao?" Akafinya kwa nguvu zote.

"Yalaa!" sanamu ikapiga kelele.

Watu wakaruka. Mkuu wa makumbusho akajitosa chini ya meza ya tiketi. Fundi akatoka kinyumenyume, vumbi la mbao puani, akipiga chafya.

"Wewe!"

"Shikamoo, Mama."

"Shikamoo ya nini, nami nimeshakushika? Mgongo wa Shavu uko wapi?"

"Hana, Mama. Umemsoma miaka yote. Umeshawahi kuuona?"

Ukumbi mzima ulikuwa unautazama mkono wa mama, uliobaki hewani, vidole bado vimekaa kifinyofinyo.

"Mama," akauliza mmoja huku akicheka, "kwani huyo kijana ni nani wako?"

Akisema hamjui, ataulizwa alikuwa akimfinya mwanamume wa nani.

"Ni mwanangu!" akafoka. "Anamwoa binti yangu. Nilikuwa naangalia kama amekonda!"

Kisha akamsogelea fundi sikioni. "Kabla ya harusi, Shavu awe na mgongo. Na makalio usipunguze."