Njia ya Miguu Chumbani kwa Fundi

Mtoto wa kaka yangu, niliyempachika jina Mzee wa Ramani, ana kazi isiyo na mshahara: yeye na watu wasiojuana wanachora ramani kwenye kompyuta, kila mtu aitumie bure. Mtaa wetu aliuchora kwa kufuata picha ya zamani iliyopigwa kutoka angani. Pale nilipojenga chumba cha kushonea, picha ilionyesha uchochoro. Akauchora, akauita njia ya miguu, sehemu ya ruhusa akaiacha tupu.

Haukupita muda, vishindo vikaanza. Mchana kweupe, milango imefungwa, nyayo zinaingia, zinapita kati ya cherehani na meza ya kukatia, zinatokea ukuta wa nyuma. Mtu simwoni. Vitambaa nilivyotundika vinapenuka na kurudi, kama vimesukumwa na bega. Mteja mmoja akaniambia nisimsukume kwa nyuma. Nilikuwa mbele yake, futi ya kupimia shingoni mwangu. Hakurudi, na wenzake nao wakapotea.

Mimi nimeshatolewa nyumba za watu, vyombo vyangu barazani kama mitumba. Hii nimejenga mwenyewe. Sihami. Nikamwita huyo Mzee wa Ramani.

Alisikiliza, uso ukamshuka. Akanieleza kwamba kwenye ramani yao, ukishasema njia ya miguu halafu usiandike kingine, inachukuliwa kuwa waendao kwa miguu wameruhusiwa, pikipiki haziruhusiwi, na baiskeli ikokotwe.

Ndipo nikaelewa ile tiki-tiki ya gurudumu linalokokotwa chumbani, na ngurumo ya pikipiki inayozimwa kila mara mlangoni. Nikamwambia angalau wana adabu kuliko yeye, aliyenikaribishia wageni bila kuniuliza.

"Shangazi, sikumkaribisha mtu. Niliacha tupu tu."

"Haya, sasa jaza."

Akafungua kompyuta mezani pangu, akaandika kuwa njia ni ya binafsi, hapiti mtu bila ruhusa ya mwenyewe. Nyayo zikakoma papo hapo. Nikamtania kwamba nitamshonea suruali ya ushindi. Akaanza kutabasamu, akaacha. Alikuwa anatazama vitambaa. Vyote vilikuwa vimepenuka, ukuta hadi ukuta, wala havirudi.

"Hodi," ikasema sauti. Ilitoka humu humu ndani, karibu na sikio langu. Nyingine ikaitika kabatini, kisha nyingine, kwa upole, chumba kizima.

Mzee wa Ramani alinishika mkono, akaninong'oneza nisijibu. Lakini mimi namjua mtu aliyesimama na mzigo wake akisubiri neno la mwenye nyumba.

"Tokeni," nikasema. "Kutoka nimeruhusu. Kuingia, hapana."

Vitambaa vikaanza kushuka, kimoja baada ya kingine, kuelekea ukuta wa nyuma. Chai yetu ilipoa hawajaisha.

Kimoja, karibu na cherehani, hakijashuka mpaka leo. Nashona nimekipa mgongo. Aliyesimama hapo nilishamwambia kwa sauti kwamba mimi sihami. Nikitaka kupita, ananipisha.