Siku Kamati ya Masomo Ilipokaribishwa Kwetu

Kila mwaka kamati ya masomo ilipokaribia kupita, kijiji chetu kilifilisika ghafla. Baiskeli zilihamishiwa kwa ndugu wa ng'ambo ya bonde, redio zikafunikwa magunia, na wanaume wenye makoti mazuri wakayavua, wakavaa yale ya kupalilia migomba. Mwaka mmoja jirani yetu Anatory alipeleka mbuzi wake wote kwa shemeji yake ili aonekane hana kitu. Kamati ikiwa imekaa sebuleni kwake inamsikitikia, mbuzi wakarudi wenyewe, wakaingia kwa mlango wa mbele kama walivyozoea. Wajumbe hawakucheka, lakini mtoto wa Anatory hakupata msaada.

Mimi sikuwalaumu watu sana. Nilichokichukia ni ule mchezo wenyewe, kwamba mtu aliyevuna kwa jasho lake sharti ajikunyate mlangoni mwake kama mwizi ndipo mtoto asome. Nilikuwa na miaka ya kuchukia mambo, na mengine nayachukia mpaka leo.

Tulikaa upande wa Kamachumu, na mfuko wa masomo ulikuwa wa chama chetu cha wakulima. Kila gunia la kahawa lililopimwa ghalani lilikatwa kidogo, na hicho kidogo kikawapeleka vyuoni watoto waliopata nafasi: nauli ya meli, blanketi, sare, ada. Waliozunguka nyumba kwa nyumba kuamua nani asaidiwe walikuwa wawili. Mwenyekiti alikuwa Mzee Mutalemwa, Mlutheri mpole mwenye miguu mibovu, aliyeogopa ugomvi wa koo kuliko radi. Katibu wake, Philbert, alikuwa kijana wa Bilele, mjini Bukoba, aliyevaa soksi ndefu nyeupe hata wakati wa matope. Waliangalia mambo mawili. La kwanza, kama nyumba ina shida ya kweli. La pili, kama mtoto anaombewa na mwenye nyumba inakotoka kahawa. Hilo la pili ndilo lililokuwa mwiba wetu.

Baba yangu, Ildefons, alikuwa amefariki, nami nilikuwa mtoto wake pekee. Mama yangu, Kokushubila, ndiye aliyepalilia, aliyechuma, aliyeanika, na ndiye aliyebeba gunia kichwani mpaka ghalani. Lakini likishawekwa kwenye mizani, jina lililoitwa lilikuwa la baba mdogo Kagaruki. Kwa kuwa baba hakuacha mtoto wa kiume, ukoo ulikuwa umemteua Kagaruki awe mukuza, yaani msimamizi wa nyumba ya marehemu. Usimamizi wake ulikuwa huu: kuja jioni, kukalia kigoda cha baba, na kutafuna akamwani. Hiyo ni kahawa yetu ya kutafuna, inayochemshwa mbichi na majani ya kunukia, kisha ikakaushwa. Mfuko wa koti la Kagaruki haukukosa akamwani, na taya lake halikujua Jumapili.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Kwenye mikutano tuliambiwa kila siku kwamba sasa nchi ni yetu sote na sote ni ndugu, na hata Philbert alikuwa amejifunza kulitamka neno ujamaa huku akifumba macho. Mwaka huo mimi, Jovita, nikaitwa chuo cha ualimu ng'ambo ya ziwa. Padri alitangaza kanisani. Jioni ile mama alipika ndizi na kuku, katika nyumba ambayo kuku huliwa Krismasi tu. Bila msaada wa mfuko nisingefika hata gatini, na nafasi yangu angepewa mwingine chuo kikifunguliwa. Hilo tulilijua wote, na Kagaruki alilijua vizuri kuliko sisi.

Alikuja siku chache kabla ya kamati. Mama alikuwa anamenya ndizi.

"Shemeji," alisema, "wageni wakija nitasimama kwa ajili ya mtoto. Yeye ni damu yetu."

"Kasinge waitu," mama akajibu. Ndiyo shukrani yetu ya heshima, na aliitoa kwa adabu tu, bila kuinua macho.

"Ila utasema mbele yao kwamba nyumba hii na kibanja chake, migomba na mibuni yote, ni vyangu. Na mavuno yakiisha utarudi kwenu Kashozi. Mtoto akiwa chuoni, utabaki hapa na nani?"

Kisu cha mama hakikusimama. "Na nisiposema?"

"Basi wakiniuliza, nitawaambia habari za chuo sizijui. Mila ni mila, shemeji, sikuitunga mimi." Akahamisha akamwani kutoka shavu moja kwenda jingine. "Halafu punguza huu usafi wako. Toa mashuka haya, mwaga majivu hapo mlangoni. Wakikukuta unang'aa hivi watakupita."

Alipoondoka nililia kwa hasira. Nilimwambia mama kwamba basi, siendi chuo, nitabaki naye, na Kagaruki akitia mguu tena nitammwagia maji ya moto.

"Nani amekuuliza kama unakwenda?" mama akasema. "Wewe utakwenda na mimi nitabaki. Shika kisu umenye ndizi."

"Utabakije, Ma? Hukumsikia?"

"Nimemsikia. Ndizi hizo ni za leo, si za kesho."

Siku ya kamati aliamka akafanya kinyume cha kijiji kizima. Alikuwa amekwenda rweya, kule kwenye uwanda wa nyasi nje ya migomba, akarudi na mzigo mkubwa. Akatandika nyasi mpya sakafuni mpaka nyumba ikanukia. Akafuta picha ya Bikira Maria, akatandika yale mashuka aliyoambiwa ayatoe, akatoa taa ya baba iliyokuwa imefungiwa sandukuni na kuiweka mezani mchana kweupe. Kisha akavaa gauni lake la Pasaka. Jirani yetu Benigna alichungulia, akashika mdomo.

"Kokushubila, una wazimu? Weka hata ndoo inayovuja mlangoni wakuonee huruma."

"Ndoo yangu haivuji," mama akasema.

Kagaruki alitangulia kufika, akakalia kigoda cha baba, akaikunja miguu. Alipoona nyumba ilivyopambwa akatikisa kichwa. "Hukunisikia. Haya, kikapu cha akamwani kilete hapa kando yangu."

"Bado nakipanga," mama akajibu kutoka chumba cha ndani.

Sasa jambo hili kila Mhaya wa kwetu alilijua kabla hajajifunza kufunga vifungo vya shati. Mgeni hakai bila akamwani. Na anayeitoa ni mwenye nyumba. Yeye hutafuna ya kwanza mbele ya wageni ili waone ni salama, ndipo anawapa. Mgeni hatoi, mgeni hupokea. Ndiyo maana Kagaruki alitaka kikapu kiwe kando yake, kamati ikiingia tu ione nani ni nani.

Walifika wamechoka. Mzee Mutalemwa alikuwa akichechemea, na soksi za Philbert zilikuwa zimepata rangi ya kijiji chetu. Walibisha hodi, wakakaribishwa, wakaketi, na kabla hawajavuta pumzi Kagaruki alikuwa ameanza hotuba. Alianza na babu wa babu yake. Akaja kwa babu yake. Alipenda sana sauti yake mwenyewe, na mbele ya watu wa kamati aliipenda zaidi.

Alipomfikia marehemu baba, mama akatoka chumba cha ndani na kikapu mikononi. Alipiga magoti akawasalimu wageni kama mwanamke wa heshima anavyosalimia, na Kagaruki akanyoosha shingo, akidhani sasa kitawekwa miguuni pake. Mama akachukua akamwani moja, akaitia mdomoni, akaitafuna polepole. Kisha akamwelekezea kikapu Mzee Mutalemwa. Mzee, aliyepanda vilima tangu asubuhi, alichukua bila kufikiri. Philbert alichukua mbili. Kikapu kikafika kwa Kagaruki. Yeye alikuwa katikati ya sentensi, na mkono wake ulikuja wenyewe, kama unavyokwenda mfukoni kila siku. Akachukua, akatia shavuni, akaendelea kusema.

Miaka mingi baadaye, wakati wa vijiji vya ujamaa, nilimuuliza mama kama alikuwa amelipanga jambo lile. Alisema alikuwa anakaribisha wageni tu, akaniambia nimsogezee chumvi.

"...kwa hiyo ndugu zangu," Kagaruki alikuwa akimalizia, "mimi kama mwenye nyumba hii..."

"Nyumba ipi?" mama akauliza. Alikuwa bado amepiga magoti, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Hii hii, shemeji."

"Waitu, nisamehe. Hiyo unayotafuna ni akamwani ya nani?"

Taya la Kagaruki likasimama. Tangu nimjue sikuwa nimeliona limesimama. Alikitazama kikapu, akamtazama mama, kisha akaona kwamba Mzee Mutalemwa naye ameacha kutafuna.

"Mwanamke hatoi akamwani mbele ya wanaume wa ukoo," akasema.

"Nimetoa, na mmepokea. Kama mwenye nyumba ni wewe, mbona umekula kama mgeni?"

"Mzee, huu ni ujanja." Kagaruki alimgeukia mwenyekiti. "Wewe mila unazijua."

Niliujua uoga wa Mzee Mutalemwa, kijiji kizima kiliujua. Alivuta mguu wake mbovu, akaupapasa. Nilikuwa na hakika atasema mkaelewane kwanza nyumbani, na chuo kingefunguliwa na kufungwa tukiwa bado tunaelewana.

"Mila nazijua, Kagaruki," akasema hatimaye. "Ndiyo shida yangu. Hii ninayo mdomoni. Mama huyu ametafuna ya kwanza, akanipa, nikapokea, na wewe nimekuona ukipokea baada yangu. Nikitoka hapa niwaambie watu nini? Kwamba tulikaribishwa na mtu asiyekuwepo?"

"Kibanja ni cha ukoo."

"Mambo ya kibanja yana baraza lake, mkalishwe huko. Mimi sharti langu linauliza mwenye nyumba."

Philbert akakohoa. Nilimwona akizungusha macho, kwenye mashuka, kwenye taa, kwenye gauni la mama. "Lakini Mwenyekiti, kuna suala la hali. Kwa kweli hapa hatuoni shida. Nyumba tulizotoka zilikuwa na hali mbaya sana."

"Hata mimi nilimwambia," Kagaruki akadakia, huku akamwani imemvimbisha shavu. "Nilimwambia amwage majivu, akakataa."

Hapo mama akainuka. Alisimama katikati ya nyasi zake mpya, na sijawahi kumwona mrefu kiasi kile.

"Mlitaka nichafue nyumba ili mtoto asome?" akauliza. "Nyumba mlizotoka nazijua. Redio ziko chini ya magunia, na ninyi mnajua kwamba ziko chini ya magunia. Mimi sina redio. Nina mashuka mawili, nimeyatandika kwa sababu mmekuja. Sikuwaita mnionee huruma. Kila gunia lililoshuka kwenye kichwa hiki lilikatwa, na sikuuliza linamsomesha mtoto wa nani. Wamesoma, na nimefurahi. Sasa ni zamu ya wa kwangu. Nauli ya meli sina, ada sina, nawaambieni nikiwa nimenawa uso. Kama msaada wenu unataka mtu mchafu, semeni, Jovita abaki. Lakini msitafute majivu kwangu."

Nilitamani kupiga makofi. Nilijizuia kwa kukalia mikono yangu. Philbert aliinamisha kichwa akatazama soksi zake, na nadhani siku ile alizichukia.

Mzee Mutalemwa alianza kutafuna tena, taratibu, mpaka akamaliza. "Andika, kijana," akasema. "Jovita, binti wa marehemu Ildefons, apewe msaada. Anaombewa na mwenye nyumba."

"Jina la mwenye nyumba, Mzee?" Philbert akauliza, kalamu mkononi, bila kumtazama mtu.

"Kwani umekula kwa nani? Kokushubila. Na mavuno yajayo, pale kwenye mizani, kahawa ya hapa iitwe kwa jina hilo hilo. Mimi mwenyewe nitakuwepo."

Kagaruki akasimama kwa ghafla mpaka kigoda cha baba kikaanguka. Uso ulikuwa umemwiva. Akainama, akapeleka kiganja mdomoni, na sote tukaelewa anataka kuitema ile akamwani mbele yetu, airudishe kana kwamba hakuipokea.

"Shemeji," mama akasema, kwa ule ule upole wa kumkaribisha mgeni, "ukitaka kutema, tema nje. Hapa nimetandika nyasi mpya."

Kagaruki alizitazama nyasi. Akautazama mlango, ambao Benigna na Anatory na nusu ya kijiji walikuwa wamekwisha kuuziba wakichungulia. Akamtazama Mzee Mutalemwa, aliyekuwa akimsubiri. Kisha akameza.