Bei ya Nguruwe

Mafuta yalikwisha kupata moto Dorcas Amuge alipolitumbukiza karaini donge la mwisho la unga. Mandazi yakafura, yakageuka rangi, yakaopolewa na kupangwa ndani ya beseni. Kazi hiyo aliifanya kila alfajiri katika soko la Busia, upande wa Uganda, tangu alipofiwa na mumewe, na mikono yake ilikuwa imeizoea kama ulimi unavyoizoea sala. Lakini asubuhi hiyo jua lilipanda, vijana wa bodaboda wakaja kunywa chai kwa jirani, wala hapana aliyeligeukia beseni lake.

Sababu ilikuwa mbele ya macho yake. Ng'ambo ya njia, juu ya turubai, ilirundikwa mikate iliyofungwa karatasi zenye mistari ya buluu. Lori lililoileta kutoka Kenya lilizuiliwa katika yadi ya forodha kwa sababu muhuri wa karatasi moja haukufanana na wa nyingine, na kila ofisa akasema jambo hilo si la meza yake. Walipokubali kuliachilia, mikate ilikuwa imeanza kuchacha. Mwenye mali, badala ya kuitupa, alimkabidhi mchuuzi mmoja, Patroba, aiuze kwa bei ya kutupa. Siku chache aliizungusha vijijini, na asubuhi hiyo akaileta sokoni.

"Mathe, kuja uchukue!" Patroba alimwita. "Hizo mandazi zako zitangoja mpaka lini?"

"Hiyo mkate yako imezeeka kukushinda wewe."

"Imezeeka na bado inapata wenyewe. Wewe je?"

Wanawake waliouza nyanya wakacheka. Amuge akafunika beseni.

Akaja Emoit, mkusanya ushuru wa soko, akitafuna, na mkate mzima kwapani.

"Ushuru, mama."

"Sijauza hata moja. Si unaona?"

"Ushuru si ya mandazi. Ni ya mahali umekaa."

"Na Patroba amekaa wapi?"

Emoit aliutazama mkate uliokuwa kwapani mwake, akameza. "Hiyo ni mambo ya ofisi," akasema.

Amuge akafungua fundo la leso yake, akalipa.

Siku nyingine angalivumilia. Lakini alasiri hiyo alitakiwa kufika Paya, nyumbani kwa wakwe zake, kina Owori, ambako bintiye Phiona alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Mama wa mzazi haendi kumwona mjukuu ila na kikapu cha kujaza macho. Kikapu kikiwa chepesi, si mama atakayesemwa, bali binti. Atasimangwa mekoni kwa watu hata awe na mvi. Amuge alikuwa amekusudia kuuza mandazi, kisha anunue mchele, sukari na kipande cha nyama.

Kufika adhuhuri, akapita Ikwap, mfuga nguruwe, akikusanya mabaki ya vibandani.

"Mama Phiona, hizo nachukua zote. Lakini nalipa bei ya nguruwe."

"Nimekaanga leo, Ikwap."

"Nguruwe hawaulizi ni ya lini."

Akamwachia. Ikwap aliyamimina mandazi katika gunia, juu ya maganda ya viazi na majani ya kabichi. Amuge alikuwa ametia mkono ayatoe machache kwa ajili ya Phiona, aliyeyapenda tangu utotoni, kisha akaurudisha. Aliona haya kupeleka ukweni kitu kilichokataliwa sokoni. Akavuka njia na vijisenti vile, akachagua mikate ambayo karatasi zake zilikuwa bado zinang'aa, akaipanga kikapuni na kuifunika kitambaa chake cha kudarizi. Kikapu kilijaa. Kilijaza macho.

Huko Paya walimtandikia mkeka uani, kando ya ghala la mtama, kwa maana mama mkwe haingii wala hali katika nyumba ya mkwewe. Mama Owori akaja, akampokea kwa magoti.

"Karibu, mkwe. Umetuheshimu."

Akainua kitambaa. Kisha akakirudisha polepole. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Juu ya meza, juu ya kabati, hata juu ya pipa la maji, Amuge aliona mistari ya buluu. Mashangazi waliotoka Kirewa walileta mikate. Majirani walileta mikate. Mzee mmoja kwenye viti vya wanaume akasema, "Mwaka huu wageni wote mmelima shamba moja," na wenzake wakacheka hata kukohoa.

Phiona alitoka na mtoto, akamweka mapajani mwa mama yake. Alikuwa amekonda.

"Mama," akanong'ona, "umeniletea mandazi?"

"Mandazi gani?"

"Yako. Tangu nazaa nameza mate ya hiyo tu. Hapa ni mkate asubuhi, mkate jioni. Inanipa kiungulia."

Amuge aliitengeneza shali ya mtoto, ingawa haikuwa na kasoro.

"Leo sikukaanga," akasema.

Huo ndio uongo wa kwanza mjukuu wake kuusikia.

Wakati wa kuaga, Mama Owori alimletea kikapu chake. Kikapu cha mkwe hakirudi kitupu. Hiyo ni desturi, na maskini huishika kuliko tajiri.

"Mtama wetu bado uko shambani, mkwe," akasema, macho yake chini. "Utusamehe."

Amuge alikipokea kwa mikono miwili. Uzito aliutambua kabla ya kufunua. Njiani, juu ya bodaboda, aliinua kitambaa: mikate, na mmoja ulikuwa na karatasi iliyochanika pembeni, ambayo yeye mwenyewe aliikunja adhuhuri ile ili isionekane.

Alimsimamisha dereva penye zizi la Ikwap, mwanzo wa mji.

"Nimeletea nguruwe wako chakula."

Ikwap alichana karatasi, akaupasua mkate. Katikati ulikuwa na ukungu wa kijani. Akautupa zizini. Nguruwe mmoja aliunusa, akaupindua kwa pua, akaenda zake.

"Wamekataa tangu jana," Ikwap alisema. "Patroba ananiletea mpaka nimechoka. Lakini mandazi yako, mama! Wamelamba hata gunia. Kesho ikibaki, niite."

Amuge aliimwaga mikate iliyobaki, akakung'uta makombo ya kikapuni. Kutoka yadi ya forodha ulisikika mngurumo wa malori mengine, yaliyowashwa na yasiyokwenda popote.

"Kesho mandazi ya kwanza ni ya Phiona," akasema. "Ukitaka iliyobaki, kuja asubuhi, simama nyuma ya wengine, na ulipe bei ya watu."

"Watu gani, mama? Wote wanakula mkate."

Amuge alijitwika kikapu kitupu, akaenda kutafuta unga.