Pale pa Kunyamaza

Mpunga ukianza kukaza punje, wanawake wa Kasansa tulishinda shambani kuamia ndege wasiule. Mimi upande huu wa mfereji, rafiki yangu Athanasie upande ule. Mmoja anaimba, ananyamaza, mwenzake anaitikia. Asipoitikia, unaacha ndege wale mpunga, unakimbia, maana amepatwa na jambo. Siku niliyoshikwa na uchungu wa kumzaa Gervas sikuitikia. Athanasie alivuka mfereji, akanibeba mgongoni mpaka barabarani.

Mwaka jana aliugua moyo, mwanawe akamhamishia Ilembo, kule mjini Mpanda. Simu yake ikawa haipatikani. Miezi minane sikusikia neno, na kuulizia niliogopa.

Ndipo akaja likizo mjukuu wangu Jeniffer, anayeimba Bongo Fleva huko Shanwe, Mpanda hiyohiyo.

"Bibi, nipe ule wimbo wa ndege niutie biti. Watu watacheza mpaka soli zing'oke!"

"Chukua. Ila pale pa kunyamaza usipajaze ngoma."

"Kimya redioni? Watadhani umeme umekatika!"

"Basi uache. Huo hauimbwi bila kuitikiwa."

Akanitazama. "Nani alikuwa anakuitikia?"

"Athanasie. Yuko Ilembo. Kama yupo."

Likizo ilipoisha akarudi mjini.

Jumapili moja nikitoka misa, Maiko mwenye duka akaniita. "Mama Gervas, njoo! Mjukuu wako yuko redioni!"

Biti ilikuwa inadunda, vijana wanatikisika mlangoni. Sauti ya Jeniffer ikapanda, ikanyamaza. Ngoma nazo zikanyamaza. Nikashika nguzo ya kibaraza.

Ikaitika sauti ya kizee, inakwaruza, inavuta mwisho wa neno vilevile kama zamani. Ikakohoa, ikacheka kidogo. Hata kile kikohozi hawakukikata.

"Bibi gani huyo tena?" Maiko akauliza.

"Athanasie," nikasema. "Mzima, baba. Mzima!"

Maiko akanisogezea kiti. Baadaye nilisikia kwamba Jeniffer alizunguka Ilembo siku mbili, nyumba kwa nyumba, akimtafuta. Kwangu hakusema kitu, asije akanipa tumaini la bure.

Kule redioni Athanasie akaimba sehemu yake, akanyamaza. Ilikuwa zamu yangu. Nikaitikia kwa sauti yote niliyo nayo, vijana wakacheka wakanipigia makofi, nami nikaendelea mpaka mwisho.