Bendera ya Mjomba Vinko

Taa ya kijani iliwaka, saa ikaanza kuhesabu sekunde kumi. Juu kabisa ya mlima wa Planica, kwenye mashindano ya kuruka mbali, Gašper alikaa kwenye ubao wa kuanzia, miguuni skii zake ndefu za kutelezea thelujini, akimtazama mjomba wake Vinko, kocha wake, aliyesimama kule chini na bendera. Bendera ikishuka, anateleza na kuruka hewani. Sekunde zikiisha hajaondoka, anatolewa.

Vinko aliona vitambaa vya kuonyesha upepo vimegeuka. Mwaka jana aliviona vivyo hivyo, akashusha bendera, na Gašper akaanguka akavunjika bega.

"Shusha bwana, Vinko!" kocha wa Norwe alimpigia kelele. "Umeganda?"

Vinko hakushusha. Taa ikawa nyekundu, na uwanja mzima ukaguna.

Upepo nao ukatulia palepale. Mnorwe aliyefuata akaruka mita mia mbili thelathini na nane, akatua salama salimini. Vinko alitamani theluji immeze.

Gašper alishuka kwa ngazi, skii begani.

"Mjomba, umemwona yule?"

"Nimemwona. Nitukane tu."

Gašper alishika bendera, lakini vidole vya mjomba vilikuwa vimeing'ang'ania. Akavifungua kimoja kimoja.

"Mikono inakutetemeka."

"Baridi hiyo."

"Baridi gani, na glavu umevaa mbilimbili? Mama kaniambia tangu mwaka jana hulali." Akaikunja bendera, akaitia mfukoni. "Twende tukanywe chai. Kesho ni mashindano ya timu, na utanishushia wewe, si mwingine."